Magoti ya Mama na Maji ya Japani

Kwa miaka mitatu mama aliniomba jambo moja tu: nimpeleke kwenye chemchemi ya maji ya moto, upande wa Kabambare alikozaliwa. Magoti yake yalikuwa yameanza kukataa sijida, na aliamini maji yale yangeyalegeza kama yalivyomlegezea mama yake. Nilimjibu, “Tutaona.” Sisi wa soko la Kasongo tunalijua neno hilo. Unamwambia hivyo mteja asiyefika bei lakini hutaki aondoke na hasira. Mama aliuza chumvi na mawese miaka mingi kabla yangu; alijua nimemuweka wapi.

Sababu nilikuwa nazo. Wenye pikipiki walinitajia bei ya kwenda machimboni Salamabila, kana kwamba mama angerudi na dhahabu. Nikashusha, wakapandisha, mvua ikaanza, njia ikawa tope. Moyoni nilifurahi kidogo kwamba ubishi umeisha bila mimi kushindwa.

Kisha nikaenda Japani kutafuta mashini kuukuu za kukoboa mpunga. Ndege nne kwenda, nne kurudi. Nilizihesabu mara mbili, na hakuna hata moja niliyoona njia yake mbaya.

Muuzaji, mtu mpole niliyemchosha kwa siku mbili za kubishana, alinipeleka kwenye mji wa kale wa maji ya moto, nadhani ili ninyamaze. Nyumba za mbao za orofa tatu zimeegemea kijito, mvuke unatoka hadi kwenye mifereji, na watu wazima wanatembea barabarani mchana na kanzu nyepesi na viatu vya mbao, ko-ko, ko-ko, bila mtu kuwacheka.

Kwenye nyumba ya kuogea, mzee wa mlangoni alinionyesha kwa mkono kwamba kitambaa nilichojifunga kiunoni hakiingii majini. Nikamwonyesha kwamba mimi bila kitambaa siingii. Nikakikunja nusu, akatikisa kichwa. Nikakikunja robo, akatikisa tena, akainama kwa heshima. Ndiye mtu pekee aliyenishinda bei nchi ile. Nilingoja mvuke uwe mzito, nikajitosa.

Ndipo nikamwona mwanamume wa umri wangu amemkalisha baba yake kwenye kigoda, anamsugua mgongo. Akammwagia maji, akarudia, hana haraka. Halafu akampitishia mikono chini ya kwapa, akaingia majini kinyumenyume, akimshusha polepole hadi magoti ya mzee yakazama. Mzee akafumba macho. Mimi nilitazama magoti yangu, mazima yote mawili, yakistarehe ndani ya maji ambayo hayakuyahitaji.

Niliporudi sikumficha mama.

“Ulioga?”

“Nilioga, mama.”

“Mara ngapi?”

“Mbili.”

Akavuta kikwembe chake mabegani, akasema ngozi yangu imependeza. Ningependa anitukane.

Kesho yake nilimchukua mwenye pikipiki wa kwanza kwa bei aliyotaja. Akanikazia macho, akauliza kama kwetu iko msiba. Mama tulimkalisha katikati yetu, tukafika Kabambare siku ya pili, kwa mdogo wake. Lakini kutoka pale hadi chemchemi pikipiki haipiti. Ni kijia cha kushuka bondeni kwa miguu, na mama hakuweza tena kuvuka hata kizingiti bila kushikwa.

Mama mudogo hakunionea haya. “Mwaka uliopita alikuwa angali anatembea,” akasema. “Ungemuleta wakati ule.”

Nikasema nitafute wanaume wa kumbeba kwa tipoyi, kiti kile cha kubebwa mabegani. Mama akakataa.

“Mimi si maiti.”

Basi nikashuka peke yangu na bido mbili, yale madumu ya kutekea maji. Maji yalikuwa yakifuka kweli, yakinuka kama yai lililooza, sawasawa na yale ya Japani. Nilizifunga bido kwa matambara, nikapanda kilima mbio kadiri nilivyoweza. Nilipofika yalikuwa yamekwisha kupoa. Nikayapasha kwenye jiko la makaa, nikayamimina kwenye beseni, nikapiga magoti kumuosha.

Mama akayatazama maji yale, miguu yake imo ndani.

“Iko muzuri, baba,” akasema, kwa sauti aliyokuwa akiitumia nilipokuwa mtoto, nikimletea kitu ambacho sicho alichonituma.