Jina la Tonton, Kinyozi wa Galerie

Wiki iliyopita nilirudi Galerie ya Ixelles, hapa Brussels, kunyoa nywele. Mke wangu alikuwa amejifungua mtoto wa kiume, wageni walikuwa wanatarajiwa Jumapili, na baba wa mtoto hapokei wageni na kichwa kama kichaka. Niliingia kwa mlango ule ule wa zamani, nikapita kati ya maduka ya mawigi na mafuta ya nywele, vijana wakinivuta kila upande: "Papa, coiffure? Papa, njoo huku!" Siku hizi naitwa papa, rafiki yangu, nimekubali yaishe. Nikafika mbele ya duka ambalo ningelifikia hata nikifungwa kitambaa machoni, nikakuta wanauza vifuniko vya simu. Nikasimama pale nimeduwaa hadi muuzaji akaniuliza natafuta simu gani.

Nilikuwa natafuta kiti. Kilikuwa chekundu, kimepasuka na kuzibwa kwa utepe mweusi, mali ya mjomba wangu, kitindamimba wa bibi yangu. Sisi watoto tulimwita tonton, na Matonge nzima, mtaa wa Wakongo, ikatuiga, hata watu waliomzidi umri.

Sisi watoto wa familia zilizotoka Lubumbashi tulipelekwa kwake Jumamosi asubuhi. Nikifumba macho nasikia mashine tatu zikinguruma kwa pamoja na redio ikipiga rumba, nasikia harufu ya spiriti aliyotupaka shingoni, na ya mikate ya mafuta ambayo mama mmoja aliuza kwenye beseni pale koridoni. Vinyozi wa galerie waligombania wateja kama kuku wanaogombania punje, lakini tonton hakuita mtu. Foleni yake ilijipanga yenyewe.

Duka lile lilikuwa na sheria moja: ukikaa kwenye kiti chekundu, unasema Kiswahili. Ukijibu kwa Kifaransa, mashine inazimwa.

Mimi nilikuwa mbishi. Siku moja aliniuliza nimekula nini, nikajibu kwa Kifaransa, "Rien, tonton," kwa makusudi kabisa. Mashine ikanyamaza. Nikajitazama kwenye kioo: upande wa kulia nimependeza, upande wa kushoto msitu.

"Bon, sema mu Kiswahili," alisema, tayari ameshika gazeti lake. "Kama hautaki, alors utaenda ku masomo na nusu ya kichwa."

Nikashuka kitini kwa hasira, nikatoka. Koridoni kicheko kilinifuata duka kwa duka. Mama wa mikate alilazimika kuweka beseni chini ili acheke vizuri. Sikufika hata kituo cha basi. Nilirudi, nikapanda kiti, nikasema, "Tonton, tafazali, maliza kichwa yangu." Yeye hakucheka. Aliwasimamisha wateja wote wanipigie makofi, kisha akainama sikioni kwangu. "Kambo yako hajue Kifaransa yenu. Siku moya atakuwa na neno ya nguvu ya kukuambia. Utamujibu nini?"

Kambo ndilo neno letu la bibi. Alikaa nasi Schaerbeek, orofa ya tatu, na Jumapili alipika bukari, ndio ugali wetu, na sombe ya majani ya muhogo hadi harufu ikashuka ngazi kuwaita majirani. Mama mmoja wa Bujumbura, Mwislamu wa orofa ya pili, alipanda na sahani ya pilau bila kuulizwa, akashuka na sombe bila kuulizwa. Wote tulikuwa mezani, isipokuwa mmoja. Tonton alichelewa kila Jumapili ya Mungu, kwa sababu hakuweza kupita mtu bila kumsalimia, na Brussels ina watu wengi. Kambo aliifunika sahani yake kwa sahani nyingine, akaizungushia kitambaa. Mlango ukifunguliwa, alisema maneno yale yale bila kugeuka: "Ulikawiya. Chakula ilishapoa." Haikuwahi kupoa.

Tonton alizaliwa na ugonjwa wa damu, ule unaokamata mifupa, na baridi ya huku haikumwonea huruma. Alivaa makoti mawili na kutembea na chupa ya maji hata Desemba. Sisi watoto tulidhani ni mtindo, tukamwiga. Siku nyingine alinyoa akiwa ameketi kwenye kigoda. Alilalamika sana, usidhani alikuwa malaika: alilalamikia kahawa, waamuzi wa mpira, mvua, bei ya wembe. Maumivu tu ndiyo hakuyataja.

Alifariki majira ya baridi, hajafika miaka thelathini. Mimi nilikuwa bado naenda shule na chupa ya maji kama yake.

Kilio chake kilifanyika kwenye ukumbi wa parokia, na watu walisimama hadi barabarani. Vinyozi wa galerie walifunga maduka Jumamosi, siku ya mapato, wakaja pamoja, wale wale wa kunyang'anyana vichwa. Kisha vijana wakaanza kusimama mmoja mmoja na kumzungumzia kwa Kiswahili. Vijana ambao wazazi wao walikuwa wameshakata tamaa ya kusikia neno la nyumbani vinywani mwao. Hata kijana mmoja wa Kinshasa, mtu wa Lingala tupu, alisimama, akatafuta maneno, akasema, "Na mimi pia... alininyoa nusu." Ukumbi ukalipuka kwa kicheko. Kambo alicheka huku machozi yanamtoka. Nilijivunia mjomba wangu siku ile hadi kifua kikaniuma.

Baada ya hapo jina lake halikutajwa tena nyumbani. Kwetu jina si kitu cha kuchezea: anayelibeba anapewa pia nafasi ya mwenye jina. Mimi nina jina la babu, mumewe kambo, kwa hiyo tangu utotoni kambo ananiita "bwana yangu", na kila sikukuu ananidai kitenge. Lakini jina la aliyekufa kijana, watu wanaliogopa. Linaachwa lilale naye.

Basi, kijana wangu alipozaliwa nilijua ninachotaka. Mke wangu alikubali. Siku ile ile, nikitoka galerie, kichwa safi kwa mkono wa mmoja wa wale vijana, nilikwenda Schaerbeek kwa kambo. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya kwenda komuni, ofisi ya manispaa, kumwandikisha mtoto, na niliapa moyoni kwamba bila neno la kambo jina lile silitoi.

Nilimkuta akichambua maharage. "Kambo," nikasema, "nataka mutoto abebe jina ya tonton."

Mikono yake ikasimama. "Hapana, bwana yangu. Jina ya muntu mwenye alikufa kijana hatuipatiake mutoto. Unataka nimuzike mara mbili?"

Nikahisi nimekaa tena kwenye kiti chekundu, mashine imezimwa.

"Kambo, jina haikukuwa na bugonjwa," nikamjibu. "Damu ndjo ilikuwa na bugonjwa. Ya mutoto, ba docteur walishaipima, iko muzuri. Jina yake ilifanya kazi, kambo. Ilifundisha batoto kusema na bakambo yao. Mi nasema nawe leo sababu ya jina hiyo."

Alirudia maharage yake. Baadaye kabisa akasema, "Bon, kwenda ku nyumba. Muke yako anakungoya." Nikaondoka sijui kama nimeshinda au nimemuumiza.

Mambo mengi yamekwisha, rafiki yangu. Mama wa Bujumbura amehamia kwa binti yake, sombe tunanunua iliyogandishwa, na kiti chekundu sijui kiliishia jalala gani. Watoto wa leo wananyolewa huku wakitazama simu, na hakuna anayewauliza wamekula nini. Nazikumbuka sana kelele zile.

Jumapili kambo alikuja kwetu Koekelberg. Alipanda ngazi polepole, akavua koti, akanawa mikono, akaketi karibu na dirisha linalotazama kuba la basilika. Sebule ilijaa wageni. Akanyoosha mikono apewe mtoto. Alimtazama uso, akampapasa kichwa, upande wa kulia, kisha wa kushoto.

"Ngoie," akamwita.

Mama yangu, kusikia jina la mdogo wake, alishika ukuta. Kambo akamsogeza mtoto kifuani, akamfunika kwa kitambaa chake hadi mabegani.

"Ulikawiya, mwana yangu," akasema. "Chakula ilishapoa."