Bega la Kushoto

Kabla ya ngoma niseme kwanza habari ya msumeno, maana kichwani mwangu vitu hivi viwili vinakaa chumba kimoja.

Ujana wangu nilipasua mbao kule upande wa Namtumbo, kwa ule msumeno mrefu wa watu wawili. Gogo linalazwa juu ya shimo, mmoja anasimama juu yake, mwenzake anaingia shimoni. Mimi nilikuwa wa juu. Wa chini alikuwa mzee mmoja mkali, mpenda ugoro, na unga wa mbao ulimjaa machoni asione kitu. Siku ya kwanza akaniambia, "Wewe vuta tu, kusukuma si kazi yako. Na ukitaka kuachia, sema kwanza. Mimi huku sikuoni."

Wiki mbili mikono iliniwaka moto. Halafu siku moja, sijui hata ilikuwaje, nikaona msumeno unakwenda wenyewe. Tulipozinduka ubao umeisha na uji umeganda sufuriani. Mzee akatoka shimoni, akanusa ugoro wake, akasema, "Leo umefika." Alikuwa na mbwa wa jicho moja, lakini huyo tumwache.

Sikufikiri kama hali ile ningeipata tena, mpaka nilipohamia mjini, Majengo, nikaingia kwenye kikundi cha ngoma ya lizombe. Ngoma zetu zilikuwa tatu. Mimi nilipiga kubwa, mlamu wangu, yaani mume wa dada yangu, alipiga ndogo, na ya kati walipokezana vijana. Saa nyingine tulifika palepale pa msumeno. Hujui tena mkono upi ni wako na upi wa mwenzio. Mtu anakuja kukuambia chakula tayari, unamwona kama ametoka nchi nyingine. Nitasema ukweli, hata kanisani sijawahi kufika hapo, Mungu anisamehe.

Mwaka jana tuliitwa kwenye sherehe ya kipaimara. Kuzipasha ngoma moto ilikuwa kazi ya mlamu tangu zamani. Ngozi ikilegea unaisogeza kwenye moto wa nyasi, unaigonga, unasikiliza, na ikitoa sauti kali unaiondoa haraka. Siku hiyo ngoma ndogo ililia vizuri, sote tukasikia. Yeye akaendelea kuigonga na kuongeza nyasi. Nikadhani anaitafutia makali zaidi. Ngozi ikapasuka.

"Babu, leo unabanika?" kijana mmoja akamtania. "Tulete na chumvi?"

Watu wakacheka. Mlamu naye akacheka, lakini alianza baada ya kututazama nyuso.

Tukaazima ngoma kwa jirani, tukaanza. Na ikakolea, tena ilikolea kuliko siku zote. Akina mama waliacha masufuria wakaja kucheza. Ndipo nikamwona mlamu, macho yameganda kwenye bega langu la kushoto. Likipanda, anajiandaa. Likishuka, anapiga. Nikakumbuka kwamba siku hizi hakubali kukaa pengine ila kushoto kwangu. Nikakumbuka dada anavyolalamika kuwa mumewe hamjibu.

Mtu mwenye akili angengoja amalize, akamuuliza pembeni. Mimi nilitaka kujua palepale. Nikampa mgongo, nikakaza mabega, nikapiga kwa viganja tu.

Ngoma ndogo ikapotea. Kwanza ilichelewa, halafu ikakimbia, halafu ikagonga mara mojamoja, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba asiyoijua. Wachezaji wakasimama.

"Babu, umesinzia?" akasema yule kijana.

Nilipogeuka mlamu alikuwa ananitazama usoni.

"Mlamu," akasema, kwa sauti kubwa kupita kiasi, uwanja mzima ukasikia, "ungeniuliza tu."

Akalaza vijiti juu ya ngoma ya watu. Akavaa koti lake, akafunga vifungo vyote ingawa jua lilikuwa kali. Nikamwita. Nikamwita tena kwa nguvu, mjinga mimi, namwita mtu asiyesikia. Akapita katikati ya wachezaji, akashika njia ya Majengo, na kwenye ngoma hakurudi tena.