Kuvu Iliyoshiba

Nimefanya kazi nyingi na kuziacha, lakini ile ya kuosha visahani vya maabara kule Newala bado inanifuata. Niliacha shule darasa la sita. Pale maabara ndipo nilipojua kwamba ugonjwa nao hufugwa.

Bibi mmoja wa Chiwata alikuwa ameleta mbegu za mkorosho wake. Mikorosho ya jirani zake ilinyauka, wake ukasimama. Kama miche yake ingeihimili kuvu ya mnyauko, angepanda upya shamba lote kwa mbegu zake. Kama isingehimili, mti ungekatwa na kuchomwa. Lakini jaribio lilitaka spora, vile vijimbegu vya kuvu, tena kwa wingi.

Mtaalamu wetu, dada niliyemzidi umri, alinipa kazi ya kuipikia kuvu: supu ya viazi, sukari kidogo, jeli ya mwani. Kipimo kile kilinitia aibu. Kwetu mgeni hapewi uji wa kujionea uso. Nikazidisha viazi, nikazidisha na sukari.

Kuvu ikanawiri. Ikajaza visahani, nyeupe, laini kama pamba wanayozibia maiti pua. Dada akainamia hadubini.

"Spora hakuna hata moja, kaka. Umefungua hoteli?"

"Si imenenepa?"

"Ndiyo shida. Ikishiba haina haraka ya kuzaa."

Tukaihamishia kwenye jeli tupu yenye vipande vya majani makavu, mchana chini ya taa, usiku gizani. Ikakonda hadi karibu isionekane. Baada ya wiki akaniita nichungulie. Nikaona vitu vyembamba, vimepinda kama mwezi mwandamo, vimejaa tele, havijongei. Chumba hakikuwa na harufu wala sauti. Nilihisi vinanijua mimi niliyevinyima.

Tukavimimina kwenye mizizi ya miche tuliyoiotesha kwa mbegu za bibi. Majani ya chini yakawa manjano, yakalegea. Mwisho haukubaki mche uliosimama.

Nikatumwa Chiwata kupeleka habari.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Usikae, twende kwanza ukauone!"

Mkorosho ulikuwa umechanua hadi majani hayaonekani. Nyuki walivuma ndani yake.

"Tangu niolewe haujachanua hivi," alisema, akilipiga shina kofi kama mgongo wa mtoto.

Nikazunguka upande wa pili. Tawi moja la chini lilikuwa na majani ya manjano. Nikakumbuka vile visahani vya njaa.

"Na miche yangu, haijambo?"

"Imekufa yote, bibi."

Akatazama juu.

"Sasa maua yote haya ya nini?"

Nikamweleza nilichokiona kwenye hadubini: kinachokaribia kufa ndicho hukimbilia kuzaa. Alisikiliza hadi mwisho, mkono ungali kwenye shina. Kisha akaenda nyumbani kuchukua shoka.

Nikakaa mpakani mwa shamba, nikavua viatu, nikaanza kukwangua udongo wake kwenye soli, nisiibebe kuvu hadi shamba jingine.