Vyumba Kumi vya Matofali

Nichekeni tu, hata mimi najicheka. Juzi, chuoni hapa Brussels, nilikuwa natetea tasnifu yangu kuhusu mashamba ya mabwana wa Uingereza, karne ya kumi na tisa. Nikaonyesha mchoro nilioupenda mno: vyumba kumi vya matofali, kila kimoja na ua wake mdogo.

"Tazameni wapangaji walivyotunzwa!" nilipaza sauti, mikono hewani.

Nyuma kabisa maman, mama yangu aliyekulia kambi ya wafanyakazi wa mgodi Lubumbashi, akasimama akipiga makofi. "Ni kama kwetu kabisa! Hata ule mulango mufupi!"

Profesa akavua miwani. "Bwana, hilo ni banda la nguruwe."

"Nguruwe?" maman akauuliza ukumbi mzima. "Na sisi tulilala batu saba mu chumba kimoja!"