Mmea Mama wa Bi Salma

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi, mwanangu, nilipomkuta Bi Salma amesimama mbele ya mmea wake, hata koti hajavua. Wewe unanijibu kwa Kiingereza, lakini najua Kiswahili changu kinakuingia. Basi nisikilize kabla hujaanza kazi yako ya kilimo Jumatatu. Nimechoka, sitasema mengi.

Nilikuwa msichana tu. Tulifanya kazi kwenye banda la vioo karibu na Hayes, huku ughaibuni, pahala penye kibali cha serikali, tukilima bangi ya dawa. Bi Salma, Mpemba wa rika la mama yangu, ndiye aliyepandanisha mimea kwa miaka mpaka akapata mmoja uliowafaa watoto wenye kifafa. Vipandikizi vyote tulivikata kwenye mmea huo.

Asubuhi hiyo majibu ya maabara yalikuwa yametoka. Mmea mama una ugonjwa usioonekana kwa macho, unaohama na utomvu kwenye makali ya mkasi. Nani aliuleta, hatukujua. Majani yalikuwa mabichi, mazuri kabisa.

Nikamsihi, "Bi Salma, tubakize japo kipandikizi kimoja. Hiki hakina dalili."

"Hakina leo," akasema. "Mmea mgonjwa hutoa dawa dhaifu. Kifafa kitamrudia mtoto wa watu, na mama yake hatajua kwa nini."

"Na kazi yako yote hii?"

"Nitaanza tena."

Aliung'oa mwenyewe, hakutaka nimsaidie. Vipandikizi navyo vikateketezwa. Mimi nikasugua meza mpaka vidole vikapasuka.

Mmea mwingine wa kufaa ulipatikana yeye ameshastaafu, magoti yamekwisha. Nilipompelekea habari nyumbani kwake Wembley, alinishika mkono kwa muda mrefu.

Basi, mwanangu, osha mkasi kila unapotoka mmea mmoja kwenda mwingine, hata ukiwa umechoka. Hasa ukiwa umechoka. Viatu vya nje viishie mlangoni. Mmea mgeni ukae peke yake mpaka upimwe, na mmea dume wa bangi usiufungulie chumba cha majike, maana chavua yake, ule unga wa kutia mbegu, haibishi hodi. Na ugonjwa ukiingia, usiubakize kwa sababu unaupenda mmea.

Mwenyezi Mungu akupe subira kwenye kazi ya kurudiarudia, na moyo wa kuanza upya pale itakapobidi. Akulinde uendako na urudipo. Amin.