Shubiri ya Fundi Piano

Pale karakana walimwita Fundi Piano, na piano yenyewe hakuwa nayo. Alikuwa seremala wa vitanda na makabati. Ila ukisimama kidogo tu kusubiri kitanda chako, atakwambia: "Hii randa ni ya kutia mkono kinywani. Mimi ni mtu wa piano."

Na hakuwa mwongo. Utotoni alipiga piano ya ukumbi wa kwaya mpaka watu wazima wakasahau kuimba. Baba yake akafariki, mjomba akamchukua, akamkabidhi msumeno. Tangu hapo hakugusa jino la piano, jeupe wala jeusi. Lakini maneno yale aliyatunza. Mteja akimtukana, anajiambia kimoyomoyo: anayetukanwa ni seremala, mimi simo.

Sasa mpiga piano wa kwaya akahama mji. Mwalimu wa kwaya akapita karakana.

"Kaka, kila siku tunasikia wewe ni mtu wa piano. Njoo utupigie. Ukiweza, kiti ni chako."

"Nipe muda ninyooshe vidole."

"Ukumbi huwa wazi jioni, njoo ujifue."

Hapo ndipo alipokataa. Mtu mzima na ndevu zake akosee mbele ya mfagiaji? Akachukua ubao mrefu, akajichorea piano yake. Vipimo alivikumbuka: kidole gumba kwenye do, kidole cha mwisho kwenye do ya juu, mkono umetanuka mpaka unauma. Shubiri moja kamili. Akatandaza mkono, akatia alama za penseli, akagawa meno, akapaka rangi.

Ikawa kila jioni ubao uko juu ya meza, vidole vinakimbia, husikii kitu ila kucha.

"Wenzangu waume zao wanalewa," mkewe akasema. "Wangu anakuna mbao."

"Utasikia, mke wangu."

"Nasubiri. Masikio ninayo mawili na yote hayana kazi."

Pamoja na kejeli zake, siku ya majaribio alivaa gauni lake la kutokea, akakaa benchi la mbele.

Fundi akakaa kwenye piano, akashusha mikono. Ikatoka kelele kama sinia la vikombe limeanguka. Akajiambia ni woga. Akarudia. Kila alipolenga, vidole vilipitiliza. Anataka do, anagonga mi. Nyuma mwanakwaya mmoja akajifanya anakohoa.

Akaacha kupiga. Akaweka gumba kwenye do, akatandaza mkono kama alivyofanya kwenye ubao. Kidole cha mwisho kikaipita do ya juu, kikaipita re, kikatua kwenye mi. Akautazama mkono ule mnene, wenye sugu. Shubiri aliyoikumbuka ilikuwa ya mtoto. Vitanda vya watu hupima kwa futi hata kama mteja amekuja na vipimo vyake, halafu kitu chake kimoja akakipima kwa mkono.

"Ni kipimo tu," akamwambia mwalimu. "Nitachora ubao mwingine."

"Ubao gani, kaka?"

Akawaeleza. Hakuna aliyecheka. Bora wangecheka.

"Basi twende taratibu," mwalimu akasema kwa upole. "Kidole kimoja. Ule wimbo uliokuwa unaupiga zamani."

Akaanza kudonoa kama kuku, jino moja moja, macho chini. Mwanzo ukatoka. Kisha kidole kikabaki hewani. Hakujua unaendelea wapi. Jioni zote zile aliupiga wimbo mzima kwenye ubao, na ubao haukuwahi kumwambia kwamba ameshausahau.

Akaifunika piano, akashukuru, akatoka.

"Ulikuwa umechoka tu," mkewe akasema njiani.

"Sikuchoka."

 Mke akamshika mkono, ule ule.

Ubao ukawa rafu ya sufuria. Mke alitaka kuukwangua rangi kwanza, fundi akasema aache, sufuria hazisomi.

Wiki iliyofuata mteja mpya akaingia karakana, akiwa ameelekezwa na watu.

"Samahani, namtafuta Fundi Piano."

"Huyo hayupo," fundi akasema, bila kuacha kupiga randa. "Kama ni kitanda, sema."