Njumu na Unga wa Shangazi

Jumatatu nilikuwa ofisi ya basi Kitale nikingojea mzigo wangu. Mbele yangu, familia moja ilikuwa ikienda Mombasa kuona bahari kwa mara ya kwanza. Baba alikuwa amepiga magoti, akilazimisha unga wa mahindi uingie kwenye begi la binti yake. Ulipokataa, akachomoa njumu za msichana na kuziweka kando.

"Baba, tukitoka pwani naenda chuo moja kwa moja. Ligi ya vyuo inaanza wiki hiyo, na kipa ni mimi."

"Ati kipa! Tufike kwa shangazi yako mikono mitupu juu ya mpira?"

"Si Mombasa kuna unga?"

"Hiyo si kama yetu, bana. Njumu zirudi nyumbani."

Damu ilinichemka. Mimi mwenyewe nimebeba unga wa Kitale hadi ng'ambo, nikaaibishwa na watu wa forodha, na hakuna mwenyeji aliyewahi kuniambia alikuwa akiungojea. Nilipaswa kusema hivyo. Badala yake nilinyamaza, mtu mzima na kitambi changu, eti si mambo yangu.

Msichana hakulia. Aliketi sakafuni, akavua ndala, akavaa njumu na kufunga kamba polepole. Kisha akamkabidhi baba yake zile ndala.

"Hizi ni nyembamba, Baba. Zitaingia kando ya unga."

Akapanda basi, njumu zikigonga saruji. Bado nina hasira na wanaume wawili, na mmoja wao ndiye anayeandika hapa.